Kuchagua darubini kubwa kwa anga la Dodoma, hatua kwa hatua

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwalimu mmoja wa fizikia wa Kongwa. Alikuwa na darubini ya milimita 114 na alishamaliza nayo Mshtarii, Zohali na mwezi. Sasa alitaka galaksi na nebula (mawingu ya gesi na vumbi angani), na kila aliyemuuliza alimwambia kitu tofauti. Mengi niliyomwambia yatawafaa wote wanaoishi kanda ya kati, kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni.

Hatua ya 1: Jua unachokitafuta

Kama hamu yako ni pete za Zohali, baki na darubini uliyonayo. Kama unataka kupiga picha za galaksi, huo ni mchezo mwingine wenye gharama nyingine, na sehemu kubwa ya ushauri wangu hautakufaa. Hapa nazungumzia kutazama kwa jicho vitu hafifu.

Boksi lililoandikwa "ukuzaji mara 675" lirudishe kwenye rafu. Ukuzaji wenye maana hauzidi sana mara mbili ya kipenyo cha kioo kwa milimita, yaani kama mara 228 kwa kioo cha 114. Isitoshe, vitu hafifu tunavitazama kwa ukuzaji wa kati ya mara 40 na 150 tu.

Hatua ya 2: Pima anga kabla ya kupima mfuko

Darubini haiifanyi sura ya galaksi ing'ae kuliko ilivyo. Inaikuza na kukusanya mwanga wake mwingi zaidi, lakini mwanga wa taa uliotapakaa angani nao unakusanywa vilevile. Ndiyo maana kioo cha 150 kule Bahi kitakuonyesha galaksi ambazo kioo cha 300 uani kwako Kisasa hakitaziona. Na tangu serikali ihamie, mji umetanuka kweli: Mtumba inawaka usiku kucha, na upande wa Nzuguni nao si ule wa zamani.

Kipimo ni hiki. Mwezi Mei, usiku usio na mbalamwezi, kama saa tatu na nusu, tafuta Msalaba wa Kusini. Pembeni yake kuna doa jeusi ndani ya Njia ya Maziwa. Ni vumbi la angani linaloziba nyota zilizo nyuma yake. Ukiliona kwa macho matupu, mahali hapo panafaa. Novemba tumia Wingu Dogo la Magellan, galaksi jirani inayofanana na kiwingu hafifu, upande wa kusini, kama saa tano usiku.

Watu wengi wa Dodoma wakitafuta giza hushika barabara ya Kondoa. Mimi hushika ya Iringa, kuelekea Mtera. Ukienda kaskazini, mwanga wa mji unabaki kusini kwako, na kusini ndiko viliko vitu vyetu vizuri ambavyo havipandi juu sana: Mawingu ya Magellan, nebula ya Carina, lundo la nyota la 47 Tucanae linalofika nyuzi 24 tu. Ukienda kusini, taa zinabaki mgongoni.

Popote uendako, msalimie kwanza mwenyekiti wa kijiji na umwonyeshe chombo. Bomba jeupe la zaidi ya mita moja lililoelekezwa juu usiku linafanana na mzinga wa vita, na maelezo yanakuwa rahisi zaidi yakitolewa kabla ya jua kuzama.

Hatua ya 3: Chagua kipenyo

Mwanga unaokusanywa unategemea eneo la kioo, kwa hiyo zidisha kipenyo kwa chenyewe ndipo ulinganishe. Kutoka 114 kwenda 200 unapata mwanga mara tatu na kidogo. Kutoka 200 kwenda 250, mara moja na nusu. Kutoka 250 kwenda 300, hata moja na nusu hufiki.

Ukishaziona hesabu hizo huhitaji maelezo mengi. Ruko la kwanza ndilo linalobadilisha kila kitu. Kwenye 114, lundo la nyota la Omega Centauri ni ukungu wenye chembechembe pembeni. Kwenye 200 linapasuka kuwa nyota hadi katikati. Galaksi ya Sombrero, ambayo kwa 114 ni mstari hafifu, inaanza kuonyesha kwamba upande mmoja umekatwa na ukanda mweusi. Chini ya 200 usihangaike kununua, maana utajuta kabla ya mwaka kwisha.

Hatua ya 4: Chagua stendi (soma yote, hapa ndipo watu wanapoumia)

Kuna stendi za namna mbili. Ya kwanza inazunguka kulia na kushoto, juu na chini, basi. Ya pili ni stendi ya ikweta: mhimili wake mmoja unalazwa sambamba na mhimili wa dunia, ili ukizungusha kitasa kimoja tu uifuate nyota inavyosogea. Wauzaji huisifu sana hii ya pili, na kwa mtu wa Ulaya wana hoja.

Kwetu tatizo ni latitudo. Dodoma iko nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo mhimili huo unatakiwa uinuke nyuzi 6 tu kutoka upeo wa macho. Karibu unalala kabisa. Stendi nyingi za bei ya kawaida zimetengenezwa kwa watu wanaoishi nyuzi 30 hadi 60, na bolti ya kushushia mhimili hufika mwisho kabla hujafika tunakotaka. Mwalimu alikuwa nayo ya kupewa. Tulianza kuifunga jua likiwa bado juu, na giza lilitukuta tukiwa hapohapo.

"Kaka, hii bolti imegoma," aliniambia.

Haikugoma. Ilikuwa imefika mwisho, na kipimo cha ubavuni kilikuwa bado kinasoma nyuzi 20.

Kama tayari unayo stendi ya namna hii na huna hela ya nyingine, inawezekana kuilazimisha, lakini fuata haya kwa makini:

Elekeza mhimili kusini, si kaskazini. Nyota ya Kaskazini ambayo kila kijitabu kinakuambia uitafute iko chini ya upeo wa macho kwetu, usipoteze muda. Nyota iliyo karibu na ncha ya kusini, Sigma Octantis, ni hafifu hata juu angani, na ikiwa nyuzi 6 tu juu ya upeo ndani ya vumbi la Agosti hutaiona. Tumia dira, na ukae mbali na gari wakati wa kuisoma, chuma kinaivuta.

Nyuzi zilizobaki zipate kwa kuinamisha stendi nzima kuelekea kusini. Weka miguu miwili upande wa kusini na mmoja kaskazini, kisha urefushe wa kaskazini. Ukifanya kinyume, mguu mmoja ukawa kusini, fimbo ya uzani wa kusawazisha itaugonga kila inapopita, kwa sababu mhimili ukilala fimbo inaning'inia karibu wima. Stendi nyingine zina pini inayolazimisha mguu mmoja ukae mbele. Angalia kama inafunguka. Kama haifunguki, achana na mpango huu.

Baada ya kuinamisha, uzito wote umehamia kusini. Ning'iniza ndoo ya mawe upande wa kaskazini, na mtoto asikaribie. Upepo wa Julai na Agosti unatosha kuangusha kila kitu.

Tulifanya yote hayo, na ilifanya kazi. Hata hivyo kwa bomba la milimita 200 nisingemshauri mtu. Bomba ni zito, mdomo wa kutazamia unageukia mahali pa ajabu, na unajikuta umepiga magoti ukitazama kuelekea juu.

Chukua Dobson, darubini yenye stendi ile ya namna ya kwanza. Jina ni la John Dobson, Mmarekani aliyekuwa mtawa kabla ya kuanza kuwaonyesha watu nyota barabarani San Francisco miaka ya 1960. Alichukua bomba la karatasi ngumu na mbao za kawaida, akaziweka juu ya kitako kinachoteleza. Dobson haijui latitudo. Inakaa chini kama kinu na inasukumwa kwa mkono. Hela ambayo ingeishia kwenye giaboksi inaenda kwenye kioo, na kioo ndicho ulichokuja kununua.

Ina udhaifu mmoja ambao sisi wa karibu na ikweta tunauhisi kuliko wengine: kitu kikiwa utosini kabisa, bomba limesimama wima na kulizungusha kulifuata ni shida. Nebula ya Jabari, ile M42 (M ni namba ya orodha ya Messier ya vitu vya angani), inapita chini ya nyuzi moja kutoka utosi wa Dodoma. Itazame saa moja kabla au baada. Kwa saa moja anga inazunguka nyuzi 15, na hizo zinatosha kukuondolea adha hiyo.

Ukiijaribu kabla ya kununua, sukuma bomba kwa kidole kimoja. Likienda taratibu na kusimama pale ulipoliachia, vizuri. Likiruka, vipande vya teflon vimechoka au havikukazwa sawa, jambo ambalo fundi seremala yeyote atakurekebishia. Nta ya kung'arishia gari kwenye fomika nayo husaidia.

Dobson zenye mota na kompyuta zipo. Kama hela ni ileile, nachukua kioo kikubwa zaidi na ramani ya nyota ya kwenye simu.

Hatua ya 5: Itabebekaje?

Dobson ya 200 yenye f/6, yaani urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi picha inapojikusanya) ni mara sita ya kipenyo, ina bomba la mita 1.2 hivi, kilo kama 10, na kitako kilo kama hizohizo. Bomba linalala kwenye kiti cha nyuma cha IST na mkanda unafungwa. Kitako kinakaa mbele. Ya 250 ina urefu uleule lakini ni nene na nzito zaidi, bado inaingia. Ya 300 ina bomba la mita moja na nusu, na hiyo haikai kwa upana kwenye gari dogo. Utahitaji Noah, au ile ya kukunjika, na mtu wa pili wa kuinua. Bodaboda sahau kwa zote.

Uamuzi wangu basi: 200 kwa mtu anayekodi usafiri, 250 kwa mwenye gari lake, na 300 kwa aliyejenga shambani na anaweza kuiacha hukohuko ndani ya chumba kikavu.

Hatua ya 6: Lenzi za jicho

Gawanya urefu wa fokasi wa darubini kwa wa lenzi upate ukuzaji. Darubini yenye fokasi ya milimita 1200 na lenzi ya milimita 30 ni mara 40, nzuri kwa nebula pana. Lenzi ya 15 ni mara 80, na hapo ndipo galaksi nyingi zinapoonekana vizuri zaidi. Ongeza ya 10 na umemaliza. Hakikisha mdomo wa kutazamia unapokea lenzi za inchi 2, la sivyo hiyo ya 30 haitakupa uwanja mpana.

Hatua ya 7: Kuagiza

Mzigo wa meli unapimwa kwa CBM, yaani mita za ujazo, na wa ndege nao unapimwa kwa ujazo kama ujazo unazidi uzito. Boksi la sentimita 130 kwa 40 kwa 40 lina sentimita za ujazo 208,000. Kwa kanuni ya ndege, gawanya kwa 6,000 upate karibu kilo 35, hata kama ndani kuna kilo 12. Kwa meli ni CBM 0.2 na kidogo. Tumia meli. Muulize wakala bei yote mpaka mkononi, pamoja na ushuru, na muipate kwa maandishi.

Njia nyingine ni kuagiza vioo viwili, mdomo na lenzi peke yake, halafu bomba na kitako vitengenezwe hapa kwa plaiwudi ya milimita 18. Boksi linakuwa dogo kuliko kreti ya soda. Lakini fanya hivyo kama una fundi anayeheshimu kipimo.

Piga hesabu mzigo ufike kabla ya Mei. Mvua zetu zinaanza mwishoni mwa mwaka na kuisha Aprili, na miezi inayofuata ndiyo ya kutazama.

Hatua ya 8: Usiku wa kwanza

Panga vioo kwa leza, kijitabu kinaeleza. Toa darubini nje saa nzima kabla, maana Juni jioni baridi inashuka haraka na kioo chenye joto kinachezesha picha. Tochi ivishwe nailoni nyekundu. Macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza, kwa hiyo simu ibaki mfukoni. Ukifika kwenye kitu hafifu usikikodolee. Angalia pembeni yake kidogo, kitajitokeza. Anza na Omega Centauri, kisha Centaurus A na M83. Agosti saa nne usiku geukia Mshale, ambapo M8, M17 na M22 ziko juu kabisa.

Vumbi likikaa kwenye kioo kikuu liache. Vumbi la msimu mzima linapunguza mwanga kidogo mno, ila kitambaa kimoja cha pamba kinaacha mikwaruzo ya kudumu. Funika bomba kila upepo unapoanza.

Kichujio cha nebula kinunue mwisho. Kile cha oksijeni hupitisha mwanga wa nanomita 496 na 501 na kuzuia mwingine, kwa hiyo nebula ya Carina na Tarantula zinajichora vizuri, lakini kwa galaksi hakisaidii kitu, kwa kuwa mwanga wake ni wa nyota na umesambaa kwenye rangi zote. Mwalimu amekiagiza pamoja na lenzi ya 30. Darubini aliyochukua ni 200.