Theluji ya Oktoba haimsubiri mbuzi aote manyoya

Wengi wetu tuliotoka Uvira, Bukavu au kwenye kambi za wakimbizi za Kenya na Tanzania tukaanza kulima huku Maine, Marekani, tunaiogopa Januari. Lakini kufikia Januari mbuzi ameshaota manyoya ya ndani, banda limeshazibwa na mwenyewe umeshazoea kubeba maji ya moto. Theluji ya kuogopa ni ile ya Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, inayokuta mambo hayajakaa sawa.

Wafugaji wa jimbo la South Dakota walilijua hilo mwanzoni mwa Oktoba 2013. Ng'ombe walikuwa bado kwenye malisho ya kiangazi, mbugani kweupe, bila manyoya ya baridi. Ikaanza mvua, ikawalowesha hadi kwenye ngozi, kisha ukaja upepo mkali na theluji. Mjini Rapid City ilizidi nusu mita. Walikufa makumi ya maelfu. Ng'ombe mwenye manyoya mazito na makavu huvumilia hadi nyuzi 8 hivi chini ya sifuri kabla mwili haujaanza kuunguza chakula cha ziada ili upate joto. Akilowa, huanza kuumia kwenye nyuzi 15 juu ya sifuri. Hiyo ni asubuhi ya kawaida ya Limuru!

Kwa hiyo utabiri ukitaja mvua itakayogeuka theluji, waingize wanyama wakiwa bado wakavu. Tandika majani makavu mengi, mbuzi azame hadi magotini akilala. Ziba upande unakotoka upepo, lakini acha uwazi juu, karibu na paa. Wengi hukosea hapa: wanaziba kila tundu kwa turubai, mvuke na harufu ya mkojo vinabaki ndani, na wiki ya pili kundi zima linakohoa. Macho yako yakiwasha unapoingia, wao wanaumia zaidi.

Chakula cha joto ni nyasi kavu. Zinapochachuka tumboni hutoa joto kwa saa nyingi, kuliko mahindi. Ongeza za jioni. Maji yawe vuguvugu, angalau mara mbili kwa siku, kwa sababu beberu aliyehasiwa asipokunywa vizuri huziba mkojo na anaweza kufa. Taa za joto sizipendi kabisa. Zimeshaunguza mabanda mengi.

Sasa kitalunyumba, yaani nyumba ya plastiki ya kuoteshea mboga. Theluji yenye maji, kina cha sentimita 30, inaweza kuwa na kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Kitalu cha mita 9 kwa 29 kinabebeshwa zaidi ya tani 12. Usingoje ikatike. Anza kuitoa ingali inaanguka, kwa ufagio mrefu uliofungwa kitambaa, kidogo upande huu, kidogo upande ule, ili fremu isielemewe upande mmoja. Koleo lenye ncha litachana plastiki. Ondoa pia iliyorundikana ubavuni, maana husukuma kuta ndani. Nguzo za mbao za kuegemeza paa katikati zikatwe Septemba, si usiku wa dhoruba. Ukiona bomba zimeanza kupinda, usiingie. Kama bado unaweza kuifikia plastiki kwa usalama ukiwa nje, ichane kwa kisu theluji ianguke: plastiki ni rahisi kununua kuliko fremu.

Bustanini kuna kazi ndogo. Lengalenga (mchicha) hufa kwa baridi ya kwanza, kwa hiyo vuna yote mapema. Sukuma wiki huvumilia, na baridi huiongezea utamu. Vitunguu saumu vilivyopandwa Oktoba viache vifunikwe. Theluji ni blanketi yao.

Ukipata hasara, piga picha kabla ya kuzika mizoga, ukionyesha idadi na mahali. Andika tarehe, na mwite jirani ashuhudie. Idara ya Kilimo ya Marekani ina mpango wa fidia kwa mifugo ya biashara iliyouawa na hali mbaya ya hewa, ila itataka uthibitisho wa walikuwa wangapi kabla ya dhoruba. Wahesabu wiki hii, uweke karatasi ndani ya nyumba, si bandani.