Namna ya Kumwomba Mbunge Aifikishe Kero ya Kijiji kwa Waziri

Sisi wa mkoa wa Dodoma tunaponzwa na ukaribu. Mtu wa Bahi au Chamwino akipanda basi alfajiri, saa nne haijafika yuko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, mbele ya geti la wizara anayoitaka. Mapokezi wanamuuliza swali moja tu: "Mmeshapita halmashauri?" Anarudi nyumbani nauli imekwisha na kero iko palepale. Safari hiyo niliifanya mara moja, nikiwa katibu wa kamati ya maji ya kijiji, na sikuirudia. Kilichotusaidia baadaye ni kupitia kwa mbunge, tena kwa maandishi.

Kumuuliza waziri si hisani ya mbunge. Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba inalipa Bunge mamlaka ya kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Huduma hii hailipiwi. Anayekuomba "ya kalamu" ili barua yako ifike, mwache.

Kwanza, jueni kero ni ya waziri gani

Hapa ndipo barua nyingi zinapopotea. Zahanati isiyo na mganga watu wanaiandikia Wizara ya Afya, kumbe zahanati, shule za msingi na sekondari za kata ziko chini ya halmashauri, na anayezijibia bungeni ni Waziri wa TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Barabara ya kijijini iliyokatwa na korongo ni ya TARURA, nayo iko TAMISEMI. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, kwa hiyo zinakwenda Wizara ya Ujenzi. Maji vijijini ni RUWASA, Wizara ya Maji. Umeme wa vijijini ni REA, Wizara ya Nishati. Bei ya zabibu ni Kilimo. Lambo la kunyweshea ng'ombe ni Mifugo. Wenzetu wa Kondoa na Chemba wanaoliwa mazao na tembo waelekee Maliasili na Utalii, na waandike kwa jina lake: kifuta jasho ni cha mazao, kifuta machozi ni cha mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Ukivichanganya, unajibiwa kile ambacho hukuuliza.

Kesi iliyoko mahakamani haijadiliwi bungeni. Ugomvi wa mpaka wa shamba kati yako na shemeji yako pia si wa huko.

Pili, mkutano mkuu wa kijiji

Kero ya mtu mmoja ni rahisi kupuuzwa. Mwombeni mwenyekiti aiweke kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mtendaji wa Kijiji aandike muhtasari wenye tarehe, mahudhurio yaliyosainiwa na azimio linalosomeka. "Wananchi wamelalamikia maji" si azimio. "Mkutano umeazimia kumwomba Mbunge aulize lini pampu ya kisima itatengenezwa" ni azimio.

Muhtasari ukishagongwa muhuri, nakala iende kwa Mtendaji wa Kata na kwa diwani, ili jambo lijadiliwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Msimruke diwani. Yeye na mbunge ni wajumbe wa Baraza moja la Madiwani, na diwani aliyerukwa ana njia zake za kuwachelewesha.

Tatu, kubalianeni na ofisi ya wilaya juu ya namba

Hatua hii sijawahi kuikuta kwenye tangazo lolote, nami naiona kubwa kuliko zote.

Mbunge akipeleka swali, Ofisi ya Bunge inalipeleka wizarani. Waziri hajui kisima chenu. Wizara inawauliza watu wake wa chini: meneja wa RUWASA wa wilaya, meneja wa TARURA, au Mkurugenzi wa Halmashauri. Yaani jibu litakalosomwa kwenye kipaza sauti linatoka ofisi ileile ya wilaya mliyoilalamikia. Kama kwenye vitabu vyao kisima chenu "kinafanya kazi", ndivyo taifa zima litakavyosikia.

Sisi yalitukuta. Tuliandika kwamba vituo vya kuchotea maji vinavyotoa maji ni viwili. Jibu likasema ni vinane. Vinane ndivyo vilivyojengwa, na hakuna aliyekuwa amepeleka taarifa kwamba sita vimekauka. Mbunge wetu akabaki na swali la nyongeza, lile la kufuatilia jibu la waziri, lisilo na pa kusimamia.

Kwa hiyo nendeni wilayani kabla ya kumwandikia mbunge. Msiende kugombana. Ombeni mtaalamu aje kukagua, aandike alichokiona, nanyi mbaki na nakala. Mkiandika barua, mapokezi wagonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Wasipojibu kwa wiki kadhaa, nakala hiyo yenye muhuri inakuwa ushahidi kwamba mliomba mkakaliwa kimya.

Nne, barua yenyewe

Ukurasa mmoja. Mbunge anapokea rundo, na katibu wake ndiye anayesoma kwanza. Mfano wa kiini chake:

*YAH: OMBI LA KUWASILISHA KWA WAZIRI WA MAJI KERO YA KISIMA KIREFU CHA KIJIJI CHETU*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kisima chetu kiliacha kutoa maji mwezi Septemba baada ya pampu kuungua. Kaya 410 sasa zinachota kwenye mchanga wa korongo, mwendo wa saa moja na nusu kwenda na kurudi. Tuliiandikia RUWASA wilaya tarehe 3 Oktoba (nakala imeambatishwa) na ukaguzi ulifanyika tarehe 20 Oktoba. Hadi leo hakuna matengenezo. Tunakuomba, Mheshimiwa, utuulizie: je, ni lini Serikali itafunga pampu mpya?*

Tazama sentensi ya mwisho. Anayesikiliza Bunge redioni anaijua: "Je, ni lini Serikali…" Ukimpa mbunge swali lililokwisha kukaa hivyo, umempunguzia kazi. Ukimpa kurasa nne za historia ya kijiji tangu enzi za Operesheni Vijiji, umempa kazi ya kesho, na kesho hiyo haifiki.

Barua isainiwe na mwenyekiti na mtendaji, iwe na namba ya simu inayopatikana, na iambatane na muhtasari, barua ya wilayani na picha mbili tatu. Ipelekeni ofisi ya mbunge jimboni, mgongewe muhuri kwenye nakala. WhatsApp itumike kukumbusha tu. Kama mbunge wa jimbo hapatikani, wabunge wa Viti Maalum wa mkoa nao wana haki ileile ya kuuliza.

Tano, wakati

Bunge kwa kawaida hukutana mara nne kwa mwaka: mwishoni mwa Januari hadi Februari, Aprili hadi mwisho wa Juni kwa ajili ya bajeti, Agosti au Septemba, na Novemba. Swali la msingi linapelekwa mapema, halipelekwi siku Bunge linapoanza, kwa hiyo barua yenu imfikie mbunge wiki nyingi kabla.

Kama kero inahitaji fedha nyingi, kwa mfano daraja, msingoje Juni. Halmashauri zinapanga bajeti zao miezi ya mwanzo wa mwaka, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Kero iliyoandikwa Novemba inaweza kuingia kwenye mpango. Iliyoandikwa Mei, mbunge anaweza tu kuitolea mchango, au akikasirika, kushika shilingi kwenye mshahara wa waziri mpaka atoe maelezo. Kushika shilingi kunanoga kusikiliza, lakini mara nyingi shilingi inaachiwa jioni ileile.

Kero ndogo, kama pampu au mabati ya darasa moja, mwulizeni mbunge kwanza kuhusu Mfuko wa Jimbo, ule wa kuchochea maendeleo ya jimbo. Upo kwa sheria ya mwaka 2009, na kamati yake mwenyekiti ni mbunge mwenyewe. Hapo huhitaji waziri.

Sita, siku ya jibu

Maswali yako mwanzoni mwa kikao, kuanzia saa tatu asubuhi. Alhamisi kuna nafasi ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, lakini hayo ni ya sera. Kisima cha kijiji kimoja hakifai huko. Baada ya jibu la msingi, muulizaji huruhusiwa maswali mawili ya nyongeza. Mpeni mbunge mawili hayo mapema, hasa lile linalobana: "Mtaalamu alikagua tarehe 20 Oktoba, ripoti yake iko wapi?"

Kisha sikilizeni maneno. "Serikali inatambua changamoto hiyo" bado si ahadi. "Kadiri ya upatikanaji wa fedha" maana yake hakuna aliyepanga. "Katika mwaka wa fedha 2026/27 zimetengwa shilingi kadhaa" ndiyo ahadi yenye mkia wa kushikia, na pia "nimwelekeze meneja wa wilaya afike eneo husika", kwa sababu inamtaja mtu.

Jibu linaandikwa kwenye Hansard, yaani Taarifa Rasmi za Majadiliano, zinazowekwa kwenye tovuti ya Bunge. Mwombeni mwalimu au kijana mwenye bando apakue ukurasa wenu. Nakala moja mbandike ofisi ya kijiji, ya pili isomwe kwenye mkutano mkuu unaofuata, ya tatu mpelekeeni meneja wa wilaya pamoja na barua fupi yenye namba ya swali, tarehe ya kikao na maneno ya waziri yenyewe, neno kwa neno. Na hiyo nayo igongwe muhuri wa kupokelewa.