Kumwomba mfuasi mchango kwa barua pepe

Hapa Lubumbashi ninamwandikia mgombea wetu wa Katuba, komuni ya mji huu, barua pepe za kuomba michango. Anza na kichwa cha barua, maana ndicho kinachoifanya ifunguliwe. Mwaka 2012 timu ya kampeni ya Obama, Marekani, ilijaribu vichwa vingi kwa wafuasi wachache kabla ya kuwatumia wengine wote. Kichwa kilichosema mpinzani atamzidi Obama kwa matumizi ya pesa kilileta zaidi ya dola milioni 2.

Ndani taja kazi moja na bei yake: kukodi viti na sono (vyombo vya sauti) ya mkutano wa Jumamosi. Omba kidogo. Namba ya M-Pesa iwe juu.

Usiandike "leo ndiyo mwisho" kama si kweli: mwalimu anayetoa franka 5,000 amekuamini. Mshukuru siku hiyohiyo, kisha umtumie picha ya viti.