Kabla ya kuitisha mkutano wa ukumbini na mtandaoni kwa pamoja

Mkutano wa hadhara ukihama ukumbini kwenda mtandaoni, ukirudi, au ukifanywa huku na huku kwa wakati mmoja, kazi ya sheha (kiongozi wa shehia, huku Zanzibar) na ya afisi ya baraza la mji huongezeka. Haya yamalizeni kabla ya siku yenyewe.

Tarehe. Msimu wa karafuu watu wako mashambani, na wavuvi wakienda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, nusu ya mtaa haipo. Saa tatu asubuhi inafaa, ajenda iishe kabla ya adhuhuri. Ijumaa iacheni. Kama wapo wanaovuka kutoka visiwa vidogo vya Pemba kama Kojani au Fundo, waulizeni manahodha maji yatakuwaje siku hiyo, ndipo mpange saa.

Tangazo. Kundi la WhatsApp peke yake halitoshi. Karatasi ibandikwe afisini kwa sheha, na litangazwe msikitini baada ya swala. Mkutano ukibadilishwa, tangazo la pili lipite njia zote lilizopita la kwanza, la sivyo mzee aliyetoa nauli yake atakuta kufuli mlangoni.

Kikao cha mtandaoni. Akaunti ya bure ya Zoom hukata kikao cha watu wengi baada ya dakika 40, ya Google Meet baada ya dakika 60. Video ya kundi inaweza kula zaidi ya gigabaiti 1 kwa saa, kwa hiyo waambieni wananchi wazime kamera wabaki na sauti. Ruta iwe na betri, na pawepo laini ya kampuni nyengine yenye bando.

Sasa sauti, na hapa ndipo mikutano mingi ya namna hii inapofia. Mtu anaweka simu mezani mbele ya mwenyekiti, anafungua kikao, anaona nyuso, anaridhika. Mwenyekiti anasikika. Mama aliyesimama safu ya sita kuuliza habari za mtaro hasikiki, kwa sababu simu inanasa vizuri sauti ya mita moja au mbili tu; anayefuatilia kutoka nyumbani anapata mlio wa feni. Mvua ikipiga bati, ndiyo basi tena. Mjumbe mmoja naye anafungua kikao hicho hicho kwenye simu yake, humo humo ukumbini, sauti inatoka simuni na kurudi kwenye kipaza, spika zinapiga yowe mpaka watu wanaziba masikio. Mwenyekiti anasema tuendelee, walio mtandaoni watasoma muhtasari. Hapo wameshatolewa mkutanoni.

Fanyeni hivi. Kompyuta moja tu ndiyo iwe na sauti ukumbini. Simu nyengine zote zizimwe kipaza na spika, vyote viwili. Waya mmoja utoke tundu la AUX la kutolea sauti (AUX SEND) la miksa, yaani mashine ya kuchanganya sauti za vipaza, uingie kwenye kompyuta. Wa pili utoke kwenye kompyuta urudi kwenye miksa, ili wa mtandaoni wasikike kwenye spika za ukumbi. Kwenye chaneli hiyo ya kompyuta, kitufe cha AUX kishushwe hadi sifuri. Kikisahauliwa, anayezungumza kutoka nyumbani atasikia maneno yake yakimrudia kwa kuchelewa, na atanyamaza. Laptop nyingi zina tundu moja linalotaka pini yenye pete tatu. Waya wa kawaida wa muziki una pete mbili: utatoa sauti, hautaingiza. Nunueni kadi ndogo ya sauti ya USB yenye matundu mawili. Anzeni na sauti ya chini, maana miksa inasukuma kwa nguvu kuliko kipaza, na ikizidi maneno yanakwaruza.

Jaribuni siku moja kabla. Mmoja akae safu ya mwisho, mwengine upande wa wanawake, wazungumze kama kawaida yao. Wa tatu awe mbali na ukumbi, arudie alichosikia neno kwa neno. Akibabaika, hamjawa tayari.

Akidi na kura: mwanasheria wa baraza aseme mapema kama wa mtandaoni wanahesabiwa. Wakihesabiwa, waitwe jina kwa jina. Mikono ya kwenye kioo isihesabiwe kwa macho.

Mtu mmoja ashike mtandao tu, asiandike muhtasari. Awe na simu ya kawaida yenye namba iliyotangazwa, kwa watakaokatika. Anayepiga apokewe, swali lake lisomwe kwa kipaza, liandikwe kwa jina lake kama la aliyekaa kitini.