Upinde wa Kwanza wa Kulenga Shabaha: Anza na Ulio Mwepesi

Wanaoanza wengi hununua upinde mgumu kupita nguvu zao. Upinde mgumu hupandisha bega, hutetemesha mkono, na mtu huachia mshale kabla hajamaliza kulenga. Wiki chache baadaye kosa limekuwa mazoea, na kuliondoa ni kazi kubwa. Waata wa Tsavo waliwinda ndovu kwa pinde za zaidi ya pauni 100 (pauni hupima nguvu ya kuvuta ugwe, yaani kamba ya upinde), lakini ubao wa shabaha hauhitaji nguvu hizo. Mtu mzima aanze na pauni 16 hadi 20, mwenye misuli asizidi 24. Mtoto zinamtosha 10 hadi 14.

Aina ya kuanzia ni ule wenye ncha zilizopinda kuelekea mbele, kama wa Olimpiki, ambako shabaha ya sentimita 122 huwekwa mita 70. Chagua unaofunguka vipande vitatu: mpini wa katikati na mabawa mawili ya kufunga kwa skrubu. Nguvu zikiongezeka utabadilisha mabawa tu, mpini ukabaki uleule. Upinde wenye roda, yaani vigurudumu kwenye ncha zake, uache kwanza, kwa sababu hurekebishwa kwa kipimo cha mtu mmoja na hauazimiki kirahisi.

Kabla ya kulipa, jua jicho lako lenye nguvu. Nyoosha mikono, acha tundu dogo kati ya viganja, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha funga jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo lenyewe. Likiwa la kulia, chukua upinde wa mkono wa kulia, yaani unaoshikwa kwa kushoto na kuvutwa kwa kulia.

Halafu pima urefu wa mvuto, yaani umbali unaovuta ugwe. Tanua mikono, pima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, gawanya kwa 2.5. Mwenye sentimita 170 anapata mvuto wa sentimita 68, karibu inchi 27, na upinde wenye urefu wa inchi 68 unamfaa. Mwenye mvuto wa inchi 25 au 26 achukue wa 66. Kuanzia 29, wa 70. Upinde mfupi mno hubana vidole kwenye ugwe.

Pauni zilizoandikwa kwenye bawa zimepimwa kwa mvuto wa inchi 28. Kila inchi pungufu huondoa takriban pauni 2, kwa hiyo upinde wa 20 ukivutwa inchi 26 hutoa kama 16. Ujaribu: uinue ukielekea shabaha, vuta bila kuurusha juu, shikilia sekunde 10, kisha rudisha ugwe taratibu. Ukitetemeka, shuka pauni 2 au 4. Usiachie ugwe bila mshale hata siku moja. Nguvu yote hurudi kwenye mabawa na kuyapasua.

Ukinunua uliotumika, pitisha pamba juu ya mabawa: ikinasa, kuna ufa. Kisha utazame kwa nyuma ukiwa umetiwa ugwe. Ugwe upite katikati ya mabawa yote mawili. Ukienda upande, huenda bawa limejipinda, achana nao.

Bakiza fedha za kinga ya mkono, kinga ya vidole, kamba ya kutilia ugwe, na mishale iliyozidi mvuto wako kwa inchi 2. Mshale mfupi unaweza kuanguka nyuma ya kiegemeo, pale mshale unapolala kwenye upinde, ukatoboa mkono ulioshika upinde.