Umebakisha mwaka mmoja miwili ustaafu? Bima ipange saa hii

Watu wengi Kenya wanafika 60 wakijua pensheni iko sawa, bima wanaikumbuka siku kadi ya kazini imekataa hospitalini. Kava ya kampuni inaisha na kazi. Kwa hivyo ukiwa bado na meza yako ofisini, nenda HR uulize kadi inafungwa tarehe gani na kama hiyo kampuni ya bima inaweza kukuhamisha uwe mteja binafsi bila kuanza upya. Hilo swali ndio lina pesa, juu kampuni nyingi zina kikomo cha umri wa kujiunga, na ukiingia mpya na presha yako ama sukari, watakuwekea muda wa kungoja kabla walipie huo ugonjwa.

SHA nayo, ile bima ya afya ya serikali, usiiwache. Kazini ilikuwa inajikata yenyewe, 2.75% ya mshahara, mwenye 40,000 anatoa 1,100 kwa mwezi. Ukistaafu hakuna wa kukukatia, unapiga *147# ama unaingia kwa mtandao wao, unajibu yale maswali ya ukuta wa nyumba ni wa nini, unapikia nini, maji unatoa wapi (ndio, hata choo wanauliza), halafu mtambo unakupigia hesabu. Sema ukweli, na ukiona kiasi hakifanani na maisha yako, omba kiangaliwe upya. Ya chini kabisa ni 300 kwa mwezi lakini inalipwa ya mwaka mzima pamoja, yaani 3,600, basi itoe kwa ile pesa ya mkupuo ya pensheni ikiingia tu, kabla shamba na harambee hazijaimaliza. Ikikushinda kuna Lipa SHA Pole Pole, unakopeshwa ya mwaka unarudisha kidogo kidogo.

Level 2 na 3, yaani dispensari na kituo cha afya, matibabu ya kawaida hulipii, bora umejisajili, kwa hivyo presha pimia huko. Kulazwa ndio lazima mwaka uwe umelipiwa. Ukitaka kuongeza bima ya kibinafsi chukua ya kulazwa pekee, hiyo ya kutibiwa na kurudi nyumbani inapandisha bei sana na mimi sioni mzee anayekaa karibu na dispensari nzuri akiihitaji.

Na uliza skimu yako ya pensheni kama ina mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu. Tangu 27 Desemba 2024, unachoweka huko hadi 15,000 kwa mwezi hakitozwi kodi, lakini hiyo inakusaidia ukiwa na mshahara wa kutozwa, fomu ijazwe mapema.