Jinsi ya kusoma habari za mvutano wa kiusalama na utayari wa jeshi

Habari nyingi za mvutano kati ya mataifa hazina uongo wa wazi. Vifaru vilisogezwa kweli, waziri alitamka kweli, bajeti iliongezwa kweli. Msomaji anapotoshwa pale mambo matatu yasiyofanana yanapounganishwa kana kwamba ni jambo moja: uwezo, kitendo na nia. "Wamenunua makombora" ni uwezo. "Wameyasogeza karibu na mpaka" ni kitendo. "Wanajiandaa kushambulia" ni nia, na nia haipigwi picha na setilaiti.

Kwa hiyo chukua habari yenyewe na kalamu. Pembeni mwa kila sentensi andika U, K au N. Dakika tano zinatosha kwa habari ya kawaida. Angalia N zimekaa wapi. Mara nyingi utazikuta kwenye kichwa cha habari na aya mbili za mwanzo, huku U na K, ambazo ndizo zinazopaswa kuzibeba, zikiwa zimesukumwa chini au hazipo kabisa. Habari ya namna hiyo haijawa ya uongo, lakini imekupa hitimisho kabla ya ushahidi.

Nani amesema, na amejuaje

Tafuta chanzo cha kila K. Mara nyingi hakipo kwenye aya ya kwanza; shuka hadi ya nne au ya tano. Kisha hesabu vyanzo, usihesabu vyombo vya habari. Tovuti 10 zinaweza kuwa zimebeba taarifa moja ya shirika la habari, nalo limemnukuu afisa mmoja asiyetajwa jina. Hapo ushahidi ni mmoja, hata ukiusoma mara 10. Njia rahisi ya kulijua hilo ni kunakili sentensi yenye maelezo mahususi, kama idadi au jina la kambi, na kuitafuta mtandaoni: ikijitokeza neno kwa neno kila mahali, umepata mzizi wake.

Historia inatoa sababu ya kuwa mkali hapa. Agosti 1964, Marekani ilitangaza kwamba meli zake zilishambuliwa mara mbili na Vietnam Kaskazini kwenye Ghuba ya Tonkin, tarehe 2 na tarehe 4. Shambulio la kwanza lilitokea. La pili halikutokea. Magazeti yaliyaripoti yote mawili kama mambo yaliyothibitishwa, na tarehe 7 Agosti bunge likampa rais ruhusa ya kutumia nguvu: kura 416 kwa 0 katika Baraza la Wawakilishi, 88 kwa 2 katika Seneti. Miaka 40 baadaye, Mei 2004, gazeti la New York Times liliwaeleza wasomaji wake kwamba baadhi ya habari zake kuhusu silaha za maangamizi ambazo Iraq ilidaiwa kuwa nazo hazikuhojiwa ipasavyo kabla ya kuchapishwa.

Lakini usigeuze mashaka kuwa dini. Mwanzoni mwa 2022 maafisa wa Marekani, wengi bila kutajwa majina, walionya kwamba Urusi ingeivamia Ukraine. Waliokumbuka Iraq wengi walipuuza. Januari mwaka huo iliripotiwa kwamba Urusi ilikuwa imesogeza akiba ya damu karibu na mpaka, na afisa wa wizara ya ulinzi ya Ukraine akakanusha. Februari 15 Urusi ikatangaza kwamba baadhi ya vikosi vinarudi kambini na kuonyesha video za vifaru vikipakiwa kwenye treni. Tarehe 24 uvamizi ukaanza. Chanzo kisichotajwa kilipatia, na tamko rasmi lenye video lilipotosha. Kipimo basi hakiwi "rasmi" au "si rasmi". Uliza: je, dai hili linaweza kukaguliwa na mtu asiyehusika? Mwaka 2022 picha za setilaiti za kampuni za kibiashara zilikuwepo na wachambuzi wa kujitegemea walizihesabu gari moja baada ya jingine. Mwaka 1964 msomaji hakuwa na kitu chochote cha kukagua.

Luteka

Mazoezi ya kijeshi ndiyo habari inayopindishwa kirahisi kuliko zote, kwa sababu luteka na maandalizi ya vita vinafanana kwa macho. Mambo manne yanasaidia kuvitenganisha.

La kwanza ni taarifa ya awali. Chini ya Waraka wa Vienna wa 2011, unaohusu nchi za Shirika la Usalama na Ushirikiano la Ulaya, luteka yenye wanajeshi 9,000 au zaidi inatakiwa kutangazwa angalau siku 42 kabla, na ikifikia 13,000 nchi nyingine zina haki ya kutuma waangalizi. Luteka ya ghafla ya kupima utayari haina sharti hilo la siku 42, na hapo ndipo penye mwanya. Nje ya eneo hilo uliza kama kuna makubaliano ya namna hiyo. Kama hayapo, "hawakutangaza" si kosa kama linavyosikika.

La pili ni tarehe ya kumalizika. Iandike mahali. Luteka ya pamoja ya Urusi na Belarus ilipangwa kumalizika Februari 20, 2022. Siku hiyo hiyo Belarus ikasema ukaguzi wa vikosi unaendelea. Vyombo vingi viliandika kwa sauti kubwa luteka ilipoanza. Habari nzito ilikuwa siku ilipokataa kuisha.

La tatu ni vitu vinavyoambatana na vikosi. Vifaru na ndege ni vya kuonekana. Hospitali za uwanjani, damu, mafuta, madaraja ya kuvukia mito, akiba ya risasi na mizinga ni vya kutumika. Luteka ya siku 10 haihitaji damu ya kutosha kwa maelfu ya majeruhi. Habari inayotaja vifaru bila kutaja hata kimoja kati ya hivi bado haijakuambia mengi.

La nne ni ukubwa. "Maelfu ya wanajeshi" ni maneno matupu mpaka ujue ni kikosi cha aina gani. Kwa majeshi mengi batalioni ina watu kama 500 hadi 1,000, brigedi 3,000 hadi 5,000. Batalioni moja mpakani inaweza kulinda kituo, kutisha, au kutuma ujumbe. Kuteka nchi haiwezi.

Anga ya nani?

Hapa makosa ni ya kila wiki. Anga ya nchi yenye pwani inaishia pale bahari iliyo chini ya mamlaka yake kamili inapoishia, yaani hadi maili 12 za baharini kutoka ufukweni. Eneo la kiuchumi la baharini, ambako nchi ina haki ya rasilimali kama samaki na mafuta, linafika maili 200, lakini ndege za kijeshi za kigeni zina haki ya kupita juu yake. Halafu kuna eneo la utambuzi wa ulinzi wa anga, ambalo nchi hujichorea yenyewe ili ndege zijitambulishe mapema. Marekani ilianza utaratibu huo mwaka 1950, na hakuna mkataba wa kimataifa unaolifanya eneo hilo kuwa mali ya nchi. Eneo la Taiwan, kwenye ramani, linafunika hata sehemu ya bara la China. Kwa hiyo "ndege 30 za China zimeingia anga ya Taiwan" karibu kila mara ni makosa: ziliingia eneo la utambuzi, jambo linaloweza kuwa shinikizo kubwa la kijeshi bila kuwa uvunjaji wa mipaka.

Anga yenyewe inapoguswa, hesabu hubadilika. Novemba 24, 2015 Uturuki iliitungua ndege ya kivita ya Urusi ikisema ilikaa ndani ya anga yake kwa sekunde 17. Urusi ilikana kuwa iliingia. Habari yoyote ya anga inapaswa kukupa vitu vitatu: eneo la aina gani, kwa muda gani, na kwa rekodi ya rada ya nani. Kikikosekana kimoja, acha kichwa cha habari kikae kama dai.

Tarakimu za bajeti na silaha

Bajeti ya ulinzi ikipanda kutoka bilioni 100 hadi 110, kichwa kitasema "yapanda kwa asilimia 10". Gawanya kwa mfumuko wa bei. Ukiwa asilimia 8, 110 gawanya kwa 1.08 ni takriban 101.9, yaani ongezeko halisi halifiki asilimia 2. Kama silaha zinanunuliwa kwa dola na sarafu ya nchi imepoteza asilimia 15 ya thamani, hizo 110 zinanunua nje kile ambacho zamani kilinunuliwa kwa 93.5. Jeshi limepewa fedha nyingi na limebaki na vifaa vichache.

Ukiona asilimia ya pato la taifa, uliza ndani yake kuna nini. Lengo la NATO la asilimia 2, lililokubaliwa Wales mwaka 2014, lilihesabu matumizi ya ulinzi pamoja na pensheni za wanajeshi. Lengo jipya la asilimia 5 ifikapo 2035, lililokubaliwa The Hague mwaka 2025, ni asilimia 3.5 ya ulinzi wenyewe na 1.5 ya mambo yanayohusiana nao, kama miundombinu. Anayelinganisha 2 na 5 moja kwa moja analinganisha vikapu viwili tofauti. Tenga pia ahadi na matumizi: waziri anatangaza leo, bunge linaidhinisha baadaye, ndege inafika miaka kadhaa mbele. Tangazo moja huweza kuandikwa kama habari mpya mara tatu.

Idadi ya silaha ni mtego mwingine. Jeshi la Ujerumani lilikuwa na nyambizi sita. Mwishoni mwa 2017 hakuna hata moja iliyoweza kwenda kazini. Kwenye jedwali la magazeti zilibaki sita. Na kwa kikosi kinachotakiwa kuwa doria muda wote, panga vitatu: kimoja kazini, kimoja kikijiandaa, kimoja kikipumzika na kutengeneza vifaa. Ukiambiwa manowari tisa, fikiria tatu baharini.

Maneno na mwanzo wa hadithi

Badilisha majina ya nchi ndani ya habari, kisha isome tena. Kama "mazoezi ya kawaida" yamegeuka kuwa "uchokozi", au "kuimarisha ulinzi" kuwa "kurundika silaha", upendeleo umejitokeza wenyewe. Angalia pia mfuatano wa matukio unaanzia siku gani. Anayechagua siku ya kuanzia amekwisha kuchagua nani mchokozi na nani analipiza. Rudi nyuma wiki mbili kabla ya hapo.

Habari za kujiandaa kwa raia zinaumia zaidi kwa hili. Sweden ilipotuma kijitabu cha dharura kwa kaya takriban milioni 4.8 mwaka 2018, na kingine kilichofanyiwa marekebisho Novemba 2024, nje iliandikwa kwamba wananchi wanaambiwa wajiandae kwa vita. Vita vimo ndani yake. Vimo pia maji, chakula, joto, kukatika kwa umeme na mashambulizi ya mtandaoni. Vijitabu vya aina hiyo vilitolewa huko tangu 1943.

Picha

Pekua picha kwa utafutaji wa kinyume, yaani ipakie kwenye injini ya utafutaji uone ilishatokea wapi, kabla ya kuisambaza, kwa injini mbili tofauti, maana moja hukosa kile nyingine inachokipata. Soma maelezo chini yake: "picha ya maktaba" maana yake si ya tukio hili, na "kwa hisani ya wizara ya ulinzi" maana yake aliyehusika ndiye aliyechagua uone nini. Video za usiku zenye mwanga wa makombora, ubora hafifu na kamera inayotikisika kupita kiasi ziangalie mara mbili. Vipande vya mchezo wa kompyuta wa Arma 3 vimesambazwa tena na tena kama vita halisi.

Kwa anayeandika, badala ya "Majeshi yafurika mpakani, vita yanukia", andika: "Wizara yasema brigedi moja imesogezwa kilomita 40 kutoka mpakani, jirani asema ni luteka itakayoisha tarehe 20". Kichwa ni kirefu, kweli, na hakitabofywa sana. Kisha weka tarehe 20 kwenye kalenda ya chumba cha habari na umpangie mtu wa kuifuatilia.